Kung Fu Katika Soko la Televisheni

Tunapofundisha maana ya bidhaa, wanafunzi wetu huelewa upesi tukitoa mfano wa pamba, kahawa au katani. Mkulima analima, jasho ni lake, lakini bei inapangwa na watu ambao hawajapata hata siku moja kushika jembe. Ugumu huanza tunapoingia katika utamaduni. Hapo mwanafunzi huinua mkono akauliza: Mwalimu, ngoma inawezaje kuwa bidhaa? Mchezaji anacheza kwa hiari yake, anafurahi, anashangiliwa, na pengine anarudi nyumbani na zawadi. Unyonyaji uko wapi?

Swali hilo si la kupuuzwa, wala halijibiwi kwa kulitupia neno "ubepari" na kuendelea na somo. Katika makala haya tutajaribu kulijibu kwa kuangalia kwa undani mfano mmoja, nao ni mapigano ya asili ya China, yaani kung fu, na jinsi yalivyoingizwa katika mashindano ya vipaji ya televisheni tangu mwaka 2004.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, kung fu si mgeni kwetu. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 walijaza majumba ya sinema kuangalia filamu za Hong Kong, na Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973, alikuwa na wafuasi wengi hapa mjini ambao hawakujua hata neno moja la Kichina. Katika miaka ya karibuni StarTimes, kampuni ya China inayouza ving'amuzi hapa nchini, imekuwa ikirusha filamu hizo hadi sebuleni. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katika China vituo vya televisheni ni mali ya dola. Hakuna bwanyenye anayevimiliki. Basi wale wanaodhani kwamba umilikaji wa umma peke yake unatosha kuzuia utamaduni usigeuzwe bidhaa, wana jambo la kujifunza hapa.

Kazi iliyomo ndani ya neno

Tuanze na neno lenyewe. Kwa asili, kung fu katika Kichina si kupigana. Ni ustadi unaopatikana kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi anaweza kuwa na kung fu, na mwandika hati vilevile. Sanaa ya kupigana Wachina huiita wushu. Ulimwengu wa nje umezoea kuita mapigano kung fu, na sisi tutafuata mazoea hayo, ila tunamwomba msomaji asisahau maana ile ya kwanza, kwani ndiyo ufunguo wa jambo lote tunalolieleza: jina lenyewe linahesabu muda wa kazi.

Tuchukue kijiji cha Chenjiagou, katika jimbo la Henan, ambacho ni chimbuko la taiji ya ukoo wa Chen. Mwaka 1958 Chen Zhaopi, mwenyeji wa kijiji hicho aliyekuwa akifanya kazi mbali na nyumbani, aliona kwamba vijana wa ukoo hawajui tena sanaa ya wazee wao, akarudi kuwafundisha. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1972. Katikati ya miaka hiyo yalipita Mapinduzi ya Utamaduni, ambayo yaliyaona mambo ya namna hiyo kuwa mabaki ya ukabaila. Wanafunzi wake wachache, ambao baadaye walijulikana duniani kote, ni matunda ya miaka kumi na minne ya mafunzo. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kumtoa fundi mmoja. Fundi na mwanagenzi wanakutana kila siku. Makosa yanasahihishwa kwa mkono, goti likisukumwa inchi moja nje, bega likishushwa. Na anayepima kama mwanagenzi ameiva ni mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

Lakini tusije tukaupamba wakati uliopita. Mfumo wa zamani ulikuwa na dhuluma zake. Mafundi wengi walificha mbinu muhimu wakawapa watoto wao wa kiume tu. Ushirikina nao ulikuwapo: katika uasi wa mwaka 1900, Mabondia waliamini kwamba mazoezi na dua vingewakinga na risasi za majeshi ya mabeberu, na maelfu yao wakapoteza maisha. Hata uanagenzi wenyewe ulikuwa na sura ya utumwa. Jackie Chan, ambaye tutamtaja tena baadaye, alikulia katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong kwa mkataba wa takriban miaka kumi, akipigwa fimbo na kucheza jukwaani kwa faida ya shule.

Wala si kweli kwamba kung fu haikuuzwa kabla ya televisheni. Katika uwanja wa Tianqiao, Beijing, wacheza ngumi walivunja matofali na kupinda vyuma mbele ya wapita njia, kisha wakapitisha bakuli au wakauza dawa ya kuchua. Wengine walijiajiri katika kampuni za kusindikiza misafara ya wafanyabiashara. Kwa hiyo anayesema kwamba televisheni ndiyo iliyoinajisi sanaa safi isiyojua fedha, anasema uongo. Hoja ni kwamba yule wa Tianqiao alikuwa mchuuzi mdogo. Alimiliki mwili wake, dawa yake na bakuli lake, na jioni alijua idadi ya senti alizopata na zimetoka mfukoni mwa nani. Hali ya mshindani wa televisheni ni nyingine kabisa, kama tutakavyoona.

Dola yachukua nafasi ya fundi

Kati ya Tianqiao na televisheni kuna kipindi ambacho hatuwezi kukiruka, ingawa tutakipitia kwa haraka. Mwaka 1928 serikali ya Guomindang ilianzisha Chuo cha Sanaa ya Taifa ya Mapigano huko Nanjing, ikaitisha mtihani wa nchi nzima. Mapambano yalikuwa makali kiasi kwamba duru ya mwisho ilisimamishwa kwa kuhofia vifo. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano mengine Hangzhou, mshindi akapewa yuan 5,000, na inasimuliwa kwamba aligawana fedha hizo na wenzake aliowashinda. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu aliyelelewa katika mfumo wa udugu wa mafundi aliiona zawadi kuwa si yake peke yake.

Baada ya mwaka 1949 serikali mpya iliiweka wushu chini ya kamisheni ya michezo. Mwaka 1956 ikatungwa taiji fupi ya mienendo 24 ili mfanyakazi wa kawaida aweze kuifanya kwa afya yake, na mwaka 1958 kikaundwa chama cha wushu cha taifa. Kanuni za mashindano zikatungwa, na mienendo ikapimwa kwa alama kama mazoezi ya viungo. Hapa lilipatikana jambo jema, kwani umma ulifunguliwa mlango uliokuwa umefungwa na koo. Lilipotea jambo pia, maana alama zilitolewa kwa uzuri wa umbo, na matumizi ya umbo hilo katika mapambano yakasahauliwa na wengi. Serikali yenyewe iliitambua hasara hiyo. Kati ya mwaka 1983 na 1986 ilituma watu vijijini kuwatafuta wazee, kuandika na kupiga picha walichokuwa nacho, na mitindo 129 ikatambuliwa. Kazi hiyo haikuleta faida ya fedha, na hakuna kampuni ambayo ingeifanya.

Ukitaka mfano wa mtu aliyetengenezwa na mfumo huo, mtazame Jet Li. Alilelewa katika timu ya Beijing kwa gharama ya dola, akawa bingwa wa taifa mara tano mfululizo kuanzia mwaka 1975, kisha mwaka 1982 akaonekana katika filamu ya "Hekalu la Shaolin", iliyotengenezwa na kampuni ya Hong Kong. Filamu hiyo ilitazamwa na umati mkubwa wa Wachina ambao hawakuwa wamezoea kuona kitu cha namna ile. Matokeo yake yalionekana huko Dengfeng, mji mdogo uliopo chini ya mlima Song ambako hekalu hilo, lililoanzishwa mwaka 495, limesimama. Vijana walitoroka makwao kwenda kutafuta kuwa watawa wapiganaji. Walikuta hekalu maskini, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa imeteketezwa na jeshi la mbabe wa vita mwaka 1928.

Jeshi la akiba la Dengfeng

Watawa hawakuweza kuwapokea vijana wote hao. Waliowapokea ni wenye shule. Shule ya Tagou, iliyoanza mwaka 1978 na wanafunzi wachache, imekua ikapita wanafunzi 30,000, na zipo nyingine nyingi katika mji huo huo. Wengi wa wanafunzi ni watoto wa wakulima na wa wafanyakazi waliohamia mijini kutafuta ajira. Mzazi analipa ada ya shule, chakula na malazi. Mtoto anaamka kabla ya mapambazuko, anakimbia mlimani, anarudi kufanya mazoezi uwanjani pamoja na mamia ya wenzake waliovaa nguo za rangi moja.

Baada ya miaka hiyo ya jasho anakwenda wapi? Wachache huingia timu za majimbo. Wengi huwa askari, polisi, walinzi wa maduka na majengo, walimu wa mazoezi, au hujaza nafasi za watu wasiotajwa majina katika filamu. Katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008, dunia nzima iliwaona watu 2,008 wakicheza taiji kwa miduara bila kukosea. Walikuwa wanafunzi wa Tagou. Hakuna mtazamaji aliyejua jina la hata mmoja wao.

Tunakaa hapa kwa sababu uchambuzi mwingi wa mashindano ya televisheni huanzia studio, na hivyo huanza umechelewa. Kabla ya kamera kuwashwa, tayari kuna makumi ya maelfu ya vijana ambao ustadi wao umekwisha kulipiwa na wazazi wao, na ambao soko la ajira haliwezi kuwapokea kwa kadiri ya ustadi huo. Katika masomo ya uchumi tunaliita kundi kama hilo jeshi la akiba la nguvukazi. Kituo cha televisheni hakikuchangia chochote kumfundisha kijana yule. Kinamkuta ameiva.

Kilichouzwa ni nini?

Sasa tuje kwenye televisheni yenyewe. Tangazo la kwanza la biashara katika televisheni ya China lilirushwa Shanghai Januari 1979. Tangu hapo vituo viliendelea kuwa vya dola, lakini ruzuku ilipungua na mapato ya matangazo yakawa ndiyo riziki yao. Vituo vya majimbo vilipopata setilaiti na kuonekana nchi nzima, vikaanza kugombea watazamaji hao hao na wadhamini hao hao. Kwa karatasi, mwenye kituo ni umma. Kwa chakula cha kila siku, mwenye kituo ni anayelipia tangazo.

Mwaka 2005 kituo cha Hunan kilionyesha njia kwa shindano la waimbaji wasichana lililodhaminiwa na kampuni ya maziwa. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe wa simu, kila ujumbe ukitozwa fedha, na mshindi alipata zaidi ya kura milioni 3.5. Mtazamaji alilipa ili apige kura, mdhamini akalipa ili aonekane na mtazamaji, na kituo kikapokea mikono miwili. Baada ya hapo kila kituo kilitafuta kipaji chake cha kushindanisha.

Henan, jimbo la Shaolin, lilikuwa tayari limeanza. Mwaka 2004 kituo chake kilianzisha kipindi cha Wulin Feng, ambacho awali kiliwapa watu wa kawaida nafasi ya kupanda ulingoni kuonyesha walichorithi. Mwaka 2006 hekalu la Shaolin na kituo cha Shenzhen walitangaza shindano la dunia la kutafuta nyota wa kung fu, na tuzo ilikuwa nafasi ya kuigiza. Mwaka 2007 televisheni kuu ya taifa ikaanzisha Wulin Dahui, mashindano ya mitindo ya asili. Kituo cha Beijing nacho kikarusha shindano la Jackie Chan la kumtafuta mrithi wake, likaisha Juni 2008. Mtu aliyefundwa kwa miaka kumi alitafutiwa mrithi kwa muda wa vipindi vya msimu mmoja. Hatumlaumu yeye, tunaonyesha jinsi muda ulivyokatwa.

Watu husema kwamba katika mashindano hayo "kung fu iliuzwa". Kauli hiyo haitoshi. Kilichouzwa hasa ni macho ya watazamaji, na mnunuzi ni kampuni ya maziwa, pombe au simu. Kung fu ilikuwa chambo. Na mvuvi hachagui chambo kwa ladha anayoipenda yeye, bali kwa ile inayomvuta samaki. Basi tuangalie ni sehemu gani ya kung fu inayofaa kuwa chambo.

Mbinu nyingi za asili ni fupi na za karibu. Fundi wa taiji akimwangusha mtu, jambo lenyewe huonekana kama mtu amejikwaa. Kinachoifanya mbinu hiyo kuwa na thamani hakionekani na kamera. Kwa upande mwingine, teke la kuruka na kupinduka hewani huonekana vizuri hata na mtu asiyejua lolote, ingawa mafundi wengi watakuambia kwamba ukilijaribu njiani utaokotwa chini. Kijana mwenye dakika tatu za kujitambulisha atachagua lipi? Atachagua la pili, na mdogo wake aliyeko Dengfeng ataanza mazoezi na hilo la pili. Hivyo kamera haipigi picha tu. Inarudi mpaka uwanja wa mazoezi na kubadilisha mtaala.

Wulin Dahui lilijaribu kukwepa hatari hiyo. Kila mtindo ulishindana ndani ya mtindo wake, na mpiganaji alitakiwa apigane kwa mbinu za shule yake. Nia ilikuwa njema. Lakini watu wawili walipovaa vizuizi vya mwili na kukabiliana mbele ya taa, mara nyingi mitindo yote ilifanana: kusukumana, kuvutana, ngumi za haraka. Watazamaji walilalamika, na waandaaji walijikuta katikati ya wanaotaka urithi na wanaotaka burudani. Wulin Feng lilichagua njia rahisi zaidi. Kidogo kidogo likawa kipindi cha ngumi na mateke kwa kuvaa glovu, Mchina dhidi ya mgeni, na wale watu wa kawaida waliokuja na urithi wa vijijini wakasogezwa pembeni.

Hapo ndipo alipotokea Yi Long. Alipanda ulingoni na kichwa kilichonyolewa na mavazi ya kitawa, akishusha mikono na kumwachia mpinzani ampige usoni. Alitangazwa kuwa mtawa wa Shaolin. Hekalu lilikana kwamba ni mtawa wake. Lakini kanusho halikumwondoa ulingoni, kwa sababu aliyelipiwa na wadhamini hakuwa mtawa wa kweli, alikuwa sura ya mtawa. Mwaka 2015 alipambana na bingwa wa Thailand, Buakaw, akashindwa. Wakarudiana mwaka 2016. Tunamheshimu kama mpiganaji, maana alipokea vipigo vya kweli. Kasoro iko katika nguo alizovalishwa.

Cheo bila mtihani

Katika ufundi wa zamani cheo kilikuwa na mtihani wake: mwalimu, wenzako, na mpinzani anayegonga mlango. Televisheni ilitoa vyeo bila mtihani wowote. Mwaka 2015 kipindi kimoja cha televisheni ya taifa kilimwonyesha Wei Lei, mwalimu wa taiji, akiwa na ndege kiganjani ambaye alionekana kushindwa kuruka kwa sababu ya "nguvu ya ndani" ya mwalimu huyo. Aprili 2017, huko Chengdu, Wei Lei alikutana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano ya mchanganyiko. Pambano halikufika nusu dakika. Wei Lei alianguka, akapigwa, likaisha.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wengine walimlaani Xu kwa kuutukana utamaduni wa taifa, wengine wakasema kung fu yote ni utapeli. Makundi yote mawili yalikosea. Aliyeshindwa pale hakuwa Chen Zhaopi wala mitindo 129. Aliyeshindwa ni mtu aliyepewa cheo na studio. Novemba 2017 mamlaka ya michezo ya China ilitoa maelekezo yaliyokataza watu kujitangaza kuwa "mafundi wakuu" au wakuu wa mitindo, na mapambano ya kienyeji ya namna ile yakawekewa vizuizi.

Je, uongo ulikwisha? La hasha. Mei 2020 mzee Ma Baoguo, aliyejinadi kuwa fundi, aliangushwa mara tatu kabla ya dakika moja kwisha, safari ya mwisho akazirai. Video ya aibu yake ikasambaa, ikachekeshwa, ikatungiwa nyimbo, hata gazeti la Renmin Ribao likaandika mwezi Novemba mwaka huo kutaka mzaha ule ukome. Hapa lipo jambo ambalo makada wanatakiwa walitazame kwa makini. Soko lilipata faida kwa kumuuza fundi wa uongo, kisha likapata faida kubwa zaidi kwa kuuza fedheha yake. Watu wengi hudhani kwamba kufichuliwa kwa uongo ni hasara ya mfanyabiashara wa uongo. Mfanyabiashara wa macho ya watu hapati hasara hapo, maana macho yamekuja mara mbili.

Na hekalu?

Shaolin yenyewe haikuwa mtazamaji tu katika mambo haya. Chini ya Shi Yongxin, aliyekuwa mkuu wake tangu mwaka 1999, hekalu lilisajili jina lake kama alama ya biashara, likapeleka vikundi vya maonyesho nchi za nje, na kama tulivyoona, likaingia ubia wa mashindano ya televisheni. Utetezi wake ulikuwa kwamba wengine walikuwa wanalitumia jina hilo bure, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Hata kiingilio cha wageni hakikuwa cha hekalu lote: katika kila yuan 100 za tiketi, hekalu lilitengewa 30, na nyingine zilikwenda kwa wasimamizi wa eneo la utalii, mpaka pande hizo mbili zikafikishana mahakamani. Julai 2025 hekalu lilitangaza kwamba Shi Yongxin anachunguzwa kwa tuhuma za ubadhirifu wa fedha na mali, chama cha Wabudha cha taifa kikamfutia hati ya utawa, na mkuu mwingine akateuliwa katika siku hizo hizo. Magazeti yalishughulika sana na tabia ya mtu mmoja. Sisi tunaona kwamba swali la ile tiketi lilistahili wino mwingi zaidi.

Wapo ndugu wanaotujibu kwamba tunaona upande mmoja tu. Wanasema: televisheni ilimfikishia kung fu mtoto wa kijijini ambaye asingepata mwalimu, iliwapa wasichana jukwaa ambalo koo za zamani ziliwanyima, na kijana maskini akishinda, familia yake inapata nyumba. Yote hayo ni kweli, na hatuna sababu ya kuyakana. Binti aliyenyimwa mbinu na babu yake kwa sababu ni binti, hana deni la kuulilia mfumo wa babu. Lakini mtu akikufungulia mlango kisha akakutoza kila siku kwa kupita, una haki ya kumshukuru kwa kuufungua na kumuuliza habari ya ushuru.

Serikali ya China imechukua hatua kadhaa. Mwaka 2006 iliagiza washiriki wa mashindano ya vipaji wawe wametimiza umri wa miaka 18. Septemba 2021 ilipiga marufuku vipindi vya kutengeneza vipenzi vya vijana na ikazuia kura za kununuliwa. Hatua hizo zilikata baadhi ya matawi. Shina, yaani kituo cha umma kinachoishi kwa tangazo, halikuguswa, na kijana wa Dengfeng sasa anajirekodi mwenyewe kwa simu na kurusha kwenye mitandao ambako kampuni inachukua sehemu ya kila zawadi anayotumiwa. Kwa sura amerudi Tianqiao na bakuli lake. Tofauti ni kwamba bakuli si lake.

Mambo haya yanasogea karibu nasi. Katika miaka ya 2010 Shaolin ilipokea vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kwa mafunzo, na uamuzi wa mwaka 2020 uliingiza wushu katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa kufanyika mwaka 2026. Vijana wetu wataiona na watataka kuijaribu, na ni haki yao.

Tulipomaliza kufundisha somo hili hivi karibuni, kijana mmoja aliyewahi kufundishwa karate na sarakasi mtaani kwao alibaki nyuma, akatuuliza kwa unyenyekevu: "Shikamoo mwalimu. Mimi nimeitwa kwenye shindano la vipaji la televisheni. Kwa haya uliyosema, niende au nisiende?" Tulimwambia aende, lakini kwanza aombe mkataba ausome hadi ukurasa wa mwisho. Picha zake zitakuwa mali ya nani, na kwa miaka mingapi? Akivunjika mkono mazoezini, nani atalipa hospitali? Akishinda, ataruhusiwa kufundisha watoto wa mtaani kwao bila kuomba kibali cha kampuni? Jina atakalotangaziwa ni lake, au atapewa jingine? Aliyaandika maswali hayo nyuma ya daftari lake, akauliza kama anaweza kuja na mkataba huo tuusome pamoja Jumatatu.